Ngazi Kumi za Bwana Halmosi

Nilirudi mara nne kutazama kitasa.
Mara ya tano tramu ikaniacha kituoni,
theluji imenilowesha mabega, funguo nimezibana kiganjani
hata zikaniachia alama za meno.
Waliosema wasiwasi ndio akili
hawakuwahi kulala nao kitanda kimoja.

Mimi ni mfamasia. Miaka ishirini na sita
nawapimia watu wa Szeged utulivu wao kwa vidonge:
nusu asubuhi, nusu usiku, usichanganye na mvinyo.
Nao hunishukuru,
na mikono yangu chini ya kaunta
inatetemeka kama kifuniko cha sufuria ichemkayo.

Shemeji Kálmán alicheka mpaka akapaliwa na supu:
"Hipnosia? Atakufanya uwike kama jogoo, Etelka,
kisha umsainie nyumba!"
Nikacheka pia.
Nikaweka miadi ya Jumanne.

Chumba kipo juu ya duka la fundi viatu.
Hakuna saa inayoning'inia kwenye mnyororo,
hakuna macho ya nyoka.
Kuna kiti cha kijani kilichochakaa mkono wa kushoto,
na Bwana Halmosi ana mafua. Anapenga kamasi, anaomba radhi,
ndipo ananiambia: hutalala. Haya si mazingaombwe.
Ukitaka kuondoka, mlango hauna komeo.
Kusema kweli, hilo la komeo ndilo lililonikalisha.

Kumi, anasema. Tisa. Shuka ngazi.
Nami nashuka, mwanzoni kwa adabu tu,
nikisikia nyundo ya fundi huko chini, tak, tak,
nikiwaza kama nimezima jiko.
Saba. Pumzi imenitangulia.
Sita. Ngazi hii naijua:
ni ya ghala la chini la bibi, kule Makó,
vitunguu vimesukwa ukutani kama nywele za wasichana,
baridi inanukia udongo na siki.
Nne. Nina miaka saba. Juu wanagombana.
Huku hakuna anayeniita.
Tatu.
Mwili wangu, punda niliyemchapa miaka yote hii,
unapiga magoti wenyewe.

Nilipofumbua macho uso ulikuwa umelowa
wala sikuwa na huzuni.
Nikalipa. Akanipa stakabadhi.

Msiniulize kama inatibu.
Nimesoma tafiti, ndiyo kazi yangu:
moja inasema ndiyo, nyingine labda,
moja ilihesabu watu kumi na wanane tu
na mmoja wao akahama mji.
Pengine ni maneno. Pengine ni kile kiti,
au ni kwamba mtu mzima mwenye mafua
alikaa nami saa nzima bila kugusa simu.
Hata kidonge cha unga mtupu nimekiona kikiponya,
na aliyepona sijawahi kumcheka.

Wiki ya sita. Nimerudi kitasani mara mbili.
Mbili, si nne.
Usiku wa Alhamisi moyo ulitoka tena mbio,
farasi aliyemtupa mpandaji,
nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea
nikahesabu mwenyewe, kwa sauti yangu ya kukwaruza:
kumi, tisa.
Nilikwama kwenye nne. Sikufika chini.
Lakini harufu ya vitunguu niliisikia.

Asubuhi mzee Bodnár alileta cheti chake cha dawa,
vidole vikimcheza juu ya kaunta.
Nikampa vidonge. Nusu asubuhi, nusu usiku.
Kisha nikamuuliza nisilowahi kumuuliza mteja:
"Ukifumba macho, unashukia wapi?"
Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake mtu alikohoa kwa makusudi.
Akanitazama kama niliyerukwa na akili,
akaikunja karatasi mara mbili, mara tatu.

"Karakana ya baba," akasema.
"Saa ya chakula cha mchana.
Mashine zote zimezimwa."